Tumbo linajaa baada ya opareshen, utumbo mpana umetanuka lakini hakuna kilichoziba: chanzo huwa nini?

#1 Sindano Pole

Wakuu habari zenu. Kuna jambo nataka tuliongelee kwa kirefu maana nalikuta sana wodini na ndugu wa mgonjwa huwa wanaachwa njia panda. Mtu kajifungua kwa opareshen, au kavunjika nyonga, au kalazwa na nimonia kali, siku ya tatu ya nne tumbo linaanza kupanda, linapanda mpaka ngozi inang'aa, anapigwa eksirei utumbo mpana unaonekana umejaa hewa umetanuka vibaya sana, halafu daktari anasema hakuna kilichoziba. Ndugu wanauliza, kama hakuna kilichoziba mbona choo hakitoki? Ni swali la haki kabisa na linatakiwa kujibiwa.

Utumbo kuwa wazi peke yake haitoshi, lazima usukume, na kusukuma kunategemea mishipa ya fahamu. Kuna mishipa inayouchochea utumbo utembee na kuna inayoutuliza. Ile ya kuchochea inaingia kwa njia mbili, nusu ya kwanza ya utumbo mpana inapata amri kupitia mshipa mrefu unaoshuka kutoka kwenye ubongo, nusu ya mwisho inapata kutoka chini kabisa ya uti wa mgongo, kiunoni. Mwili ukipata mshtuko mkubwa, iwe ni jeraha, kisu, maambukizi au moyo kushindwa, upande wa kutuliza unazidi nguvu na ule wa kuchochea unanyamaza, utumbo unalala. Hewa na maji vinaendelea kushuka kutoka juu na havina pa kwenda. Ndiyo maana kwenye picha mara nyingi unakuta hewa inaishia kona ya kushoto karibu na bandama, hapo hapo ambapo zile amri mbili zinapokezana.

Huku kulala kwa utumbo mpana bila kizuizi kunaitwa ugonjwa wa Ogilvie. William Heneage Ogilvie alikuwa daktari wa upasuaji Mwingereza, mwaka 1948 aliandika kuhusu wagonjwa wawili waliokuwa na dalili zote za utumbo kuziba, akawafungua tumbo hakukuta kizuizi, alichokuta ni saratani iliyosambaa nyuma ya tumbo ikaivamia mishipa ya fahamu. Yeye alidhani mishipa ya kutuliza ndiyo iliyokatika, leo wengi wanaamini tatizo ni kinyume chake, ile ya kuchochea ndiyo inayozidiwa. Ila kitu kikubwa alikuwa amekiona, kwamba ugonjwa uko kwenye amri, bomba lenyewe ni zima.

Sasa kwa nini nimeandika. Wodi ya wazazi kila mtu anamuuliza mama aliyefanyiwa opareshen "umeshatoa upepo?" Mama mkwe anauliza, nesi anauliza, daktari kwenye raundi anauliza, akisema ndiyo basi watu wote wanatulia. Kwenye ugonjwa huu mpaka wagonjwa 4 kati ya 10 wanaendelea kutoa upepo au choo kidogo, wengine hata kuharisha, na tumbo linaendelea kupanda. Kwa hiyo upepo kutoka haimaanishi mgonjwa yuko salama. Angalieni tumbo. Kama linazidi kukua kuliko jana, semeni, hata kama ameshatoa upepo mara tatu.

Vyanzo ni vingi mno, tutavichambua kadiri maswali yanavyokuja.

#2 Mama Pacha

Asante sana dada, umenigusa. Mimi nilijifungua kwa opareshen na tumbo lilijaa siku mbili nikaambiwa ni kawaida likashuka lenyewe. Sasa mtu atajuaje hii ni kawaida na hii ni huo ugonjwa?

#3 Sindano Pole

Mama Pacha, baada ya opareshen yoyote ya tumbo matumbo yote yanazubaa kidogo, hiyo ni kawaida. Utumbo mwembamba unaamka ndani ya masaa 24, tumbo la chakula siku moja mpaka mbili, utumbo mpana ndio mvivu kuliko wote unachukua siku mbili mpaka tatu. Kwa hiyo kujaa siku ya kwanza na ya pili halafu kukaanza kushuka, ndiyo hiyo ya kwako.

Hii nyingine haishuki. Ilianza kidogo, kesho imezidi, keshokutwa mama anashindwa kuvuta pumzi vizuri kwa sababu tumbo linasukuma mapafu, anakataa chakula, anatapika. Maumivu yapo kwa wengi ila yanaweza kufunikwa na dawa za maumivu anazochomwa. Ukisikia maumivu yamehamia chini upande wa kulia na homa imepanda na mapigo yanakimbia, hapo ni dharura, kwa sababu upande ule wa kulia ndiko utumbo mpana unakoanzia, ndiko kipenyo ni kikubwa kuliko kwingine kote na ukuta wake ni mwembamba, ukipasuka unapasukia hapo.

Mimi wodini natumia futi ya fundi cherehani. Nampitishia mgonjwa kiunoni usawa wa kitovu, naweka alama mbili za kalamu ubavuni kushoto na kulia ili anayepokea zamu apime pale pale, naandika kwenye faili namba na saa. Asubuhi na jioni. Maneno ya "tumbo limejaa kiasi" kwenye faili hayamsaidii mtu, leo kiasi ni kiasi gani na jana kilikuwa kiasi gani? Namba ikipanda kati ya asubuhi na jioni unakwenda kumuamsha daktari ukiwa na kitu mkononi.

#4 Jembe la Rorya

Kwa uzoefu wangu tumbo kujaa namna hiyo ni gesi tu, kwetu tunampa mtu mafuta ya mnyonyo au anapigwa bomba la maji ya sabuni linafunguka. Hospitali wanakuza mambo.

#5 Sindano Pole

Mkuu nakuelewa maana dawa hiyo imesaidia watu wengi wenye choo kigumu cha kawaida. Ila kwa huyu mgonjwa usifanye hivyo tafadhali. Mafuta ya mnyonyo yanaleta maji mengi kwenye utumbo ambao umelala, unaongeza mzigo mbele ya mlango ambao hausukumwi. Hata ile dawa ya maji matamu ya kulainisha choo, laktulosi, haifai hapa kwa sababu bakteria wa utumboni wanaichachua na inatoa gesi zaidi. Na kama ukuta umeshaanza kuoza, bomba la sabuni linaweza kumalizia kupasua.

Kuna hesabu moja ya fizikia inabidi tuiweke hapa. Mmeona mpira wa ndani wa baiskeli ukishatoa nundu, ukiendelea kujaza upepo nundu ile ile ndiyo inakua, sehemu nyingine zinabaki vile vile. Ukuta wa sehemu iliyo pana zaidi ndio unaovutwa zaidi, na kadiri unavyopanuka ndivyo unavyovutwa. Mwanzo wa utumbo mpana kwa kawaida hauzidi sentimita 9 kwenye picha. Ukifika 10 mpaka 12 hatari ya kupasuka inaanza kupanda, zaidi ya 12 inapanda sana, na ukikaa umetanuka hivyo zaidi ya siku 6 hatari inaongezeka tena. Siku zina uzito sawa na sentimita, watu wanasahau hilo.

#6 Daktari wa Zamu

Uzi mzuri. Naongezea kwenye vyanzo. Mwaka 1986 Vanek na Al-Salti walikusanya taarifa za wagonjwa 400 wa ugonjwa huu na karibu wote walikuwa na kitu kingine kilichoutangulia, ni nadra sana kumkuta mtu mzima wa afya umempata tu. Majeraha yasiyo ya opareshen, maambukizi makali, magonjwa ya moyo na mambo ya uzazi kila kundi lilikuwa karibu mgonjwa mmoja kati ya 10. Wengine ni opareshen za tumbo na nyonga, kiharusi, Parkinson (ule ugonjwa wa kutetemeka wa wazee), kuumia uti wa mgongo. Wengi ni wazee wa zaidi ya miaka 60 na wanaume wanazidi wanawake, ukiacha kundi la uzazi.

Vifo kwenye kundi lile: ambao utumbo haukuharibika karibu 15%, ambao ulikosa damu au kupasuka karibu 40%. Na hao 15% wengi wanauawa na ule ugonjwa wa msingi. Kwa hiyo kutafuta chanzo ndiyo nusu ya tiba.

Tahadhari moja kubwa kwa ukanda wetu. Huku Afrika Mashariki, pamoja na Ethiopia, utumbo kujinyonga upande wa kushoto chini ni jambo tunalolikuta sana, na picha yake kwa mtu asiye na uzoefu inaweza kufanana. Huo ni mzibo kamili na unataka kufunguliwa haraka. Usimwite mtu ana Ogilvie mpaka umeondoa kujinyonga na umeondoa saratani iliyoziba. CT skani ikiwepo ndiyo inamaliza ubishi, isipokuwepo unampiga eksirei baada ya kumwekea dawa ya rangi inayoyeyuka kwenye maji kwa njia ya haja kubwa uone kama inapanda bila kukwama. Bariamu, ile rangi nyeupe isiyoyeyuka, usitumie hapo, ikivuja tumboni ni balaa.

#7 Mwana wa Bahari

Shukrani dokta na dada Sindano. Swali langu ni dawa. Baba yangu ana presha, moyo, anakunywa dawa nyingi, mwaka jana alivunjika nyonga akajaa tumbo hivi hivi. Kuna dawa zinazosababisha?

#8 Sindano Pole

Pole sana kwa mzee. Ndiyo, na hapa ndipo ndugu mnaweza kusaidia kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu nyinyi ndio mnaojua mzee anakunywa nini nyumbani.

Za kwanza ni dawa kali za maumivu, mofini, pethidini, tramadoli. Zinafunga utumbo, kila nesi anajua. Mzee wa nyonga anachomwa hizo kwa sababu anaumia kweli, halafu amelala chali wiki nzima amefungwa uzito mguuni hageuki, hapo una vyanzo vitatu tayari kwa mtu mmoja: jeraha, dawa, na kulala.

Za pili ni zile zinazokausha mate. Ukiona dawa inamkausha mtu mdomo jua na utumbo inaukausha nguvu. Amitriptilini wanayopewa wenye ganzi za miguu, kloropromazini na dawa nyingine za afya ya akili, hasa klozapini, benzheksoli wanayopewa wa Parkinson na wale wanaotetemeka kwa dawa za akili. Buscopan nayo iko humo humo, na inaniuma sana hii kwa sababu mgonjwa akisema tumbo linasokota kitu cha kwanza anachochomwa ni Buscopan, yaani utumbo umelala unaupa dawa ya usingizi.

Dawa za presha za kundi la nifedipini na verapamili zinalegeza misuli laini, na utumbo ni misuli laini. Akina mama wenye kifafa cha mimba wanapata nifedipini na sindano za magneziamu kwa pamoja, magneziamu ikizidi mwilini nayo inalegeza. Simaanishi wasipewe, zinaokoa maisha yao na ya watoto. Namaanisha mama wa namna hiyo apimwe tumbo zaidi ya wengine.

Lasix sasa, ile dawa ya kukojoza. Inatoa maji na inatoa potasiamu. Potasiamu ikishuka misuli yote inalegea, na utumbo ukishalala hivi huwa unamwaga potasiamu kwenye ule uharo wa majimaji, kwa hiyo inashuka tena, utumbo unalala zaidi. Mzunguko mbaya huo. Vivyo hivyo magneziamu na kalsiamu zikishuka.

Mkileta mgonjwa, lete mfuko wa dawa zake zote, hata za jirani alizoazima.

#9 Kibuyu

Potasiamu si ndizi tu? Mpe ndizi mbivu na maji ya madafu.

#10 Sindano Pole

Kibuyu kwa mtu mzima wa afya sawa. Huyu anatakiwa asile kitu, kila kinachoingia kinarundikana. Potasiamu inapita kwenye dripu taratibu kwa masaa, na haichomwi kwa mkupuo hata siku moja, inasimamisha moyo. Na kipimo kinachukuliwa kwanza, maana mwenye figo mbovu inaweza kuwa imepanda tayari.

#11 Mtoto wa Nairobi

Nauliza kuhusu mkanda wa jeshi. Shosho wangu alipata vipele vya kiunoni upande mmoja, vikali sana, baadaye tumbo likafura na choo kikakataa wiki nzima. Tuliambiwa ni uzee. Inaweza kuwa inahusiana?

#12 Daktari wa Zamu

Pole na shosho. Ndiyo, inahusiana na imeandikwa. Kirusi cha mkanda wa jeshi kinakaa kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, kikiamka kwenye mizizi ya kiunoni au ya sehemu ya chini ya kifua kinaweza kugusa na ile inayoongoza utumbo na kibofu. Wengine wanashindwa hata kukojoa. Mara nyingi inarudi yenyewe vipele vikipona, lakini inatakiwa kufuatiliwa. Kwa wenye UKIMWI waliochelewa dawa kuna kirusi kingine, saitomegalo, kinachoshambulia utumbo mpana wenyewe, huyo naye nimemuona amejaa hivi hivi. Na tezi ya shingo ikiwa imelala, kisukari cha miaka mingi, figo kushindwa, vyote vinaweza kuchangia. Dawa moja ya saratani, vinkristini, inajulikana sana kwa hili, watoto wa saratani ya damu na wa uvimbe wa taya wanapewa hiyo, mzazi akiona tumbo la mtoto linapanda na choo hakuna baada ya sindano asisubiri kliniki ijayo.

#13 Mama Pacha

Kwa nini opareshen ya uzazi ndiyo inatajwa sana? Wanakata utumbo?

#14 Sindano Pole

Hapana, utumbo haukatwi. Mishipa ya fahamu ya nusu ya mwisho ya utumbo mpana inapita kiunoni karibu sana na shingo ya kizazi na mji wa mimba, na hapo ndipo kazi yote ya opareshen inafanyika, damu, uvimbe, maambukizi, vyote viko jirani. Ongeza dawa za maumivu, ongeza kulala kitandani kwa kuogopa mshono, ongeza mama aliyetoka damu nyingi au aliyesukuma siku nzima kabla ya kupasuliwa na tayari ana maambukizi. Huyo wa mwisho ndiye anayeniogopesha, amekuja amechelewa, maji yamepasuka jana, homa ipo.

Ndiyo maana tunawasumbua mnyanyuke mapema. Mama siku ile ile jioni au kesho yake asubuhi ashuke kitandani, hata hatua kumi za kushikiliwa. Na kutafuna bigijii baada ya opareshen ya uzazi kumeonekana kunaamsha utumbo mapema, si tiba ya ugonjwa huu ila kwa kuzuia ule uzito wa kawaida ni kitu rahisi cha dukani.

#15 Mwana wa Bahari

Mzee alipona kwa mpira wa puani na dripu siku tatu, hatukupelekwa kisu. Ni bahati au ndivyo inavyokwenda?

#16 Daktari wa Zamu

Ndivyo inavyokwenda kwa wengi, mkuu. Kama hakuna dalili za kupasuka na utumbo haujafika 12, unampa masaa 48 mpaka 72: hali kitu, mpira wa puani unatoa hewa ya juu, mwingine wa njia ya haja kubwa, maji na chumvi zinarekebishwa, dawa zote zile alizotaja Sindano Pole zinasimamishwa au kupunguzwa, na anageuzwa. Kugeuzwa kuna kazi kubwa kuliko watu wanavyofikiri, akilala kifudifudi makalio yameinuliwa kwa mito, au akipiga magoti, hewa inapata njia ya kutokea. Picha inarudiwa kila siku.

Isiposhuka kuna dawa inaitwa neostigmini, miligramu 2 kwenye mshipa taratibu kwa dakika 3 mpaka 5. Mwaka 1999 Ponec na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 21, 11 walipewa dawa na 10 kati yao walifunguka, 10 walipewa maji tu na hakuna hata mmoja aliyefunguka. Muda wa kati wa kufunguka ulikuwa dakika 4. Dakika nne! Na ni dawa ambayo watu wa usingizi wanayo kabatini tayari, wanaitumia kuondoa dawa ya kulegeza misuli mwisho wa opareshen, haina bei ya kutisha.

Lakini inapunguza mapigo ya moyo, inaweza kubana kifua cha mwenye pumu, kwa hiyo anapewa akiwa kwenye mashine ya moyo, daktari yuko pembeni na atropini, dawa ya kurudisha mapigo, imevutwa kwenye bomba la sindano. Na kama kuna mzibo wa kweli au utumbo umeshatoboka hapewi kabisa. Ikishindwa, anaingizwa kamera ya kolonoskopi kwa njia ya haja kubwa hewa inafyonzwa. Kisu ni kwa aliyeshindikana huko kote au aliyepasuka.

#17 Jembe la Rorya

Nimekuelewa dada Sindano na dokta. Hapa kwetu kituo cha afya hakuna CT skani wala kipimo cha potasiamu. Tufanyeje?

#18 Sindano Pole

Mkuu futi ipo. Mikono ya kumgeuza ipo, mpira wa puani upo vituo vingi, dripu ipo. Mfuko wa dawa zake mnao nyumbani. Akiwa ameshajaa na namba ya futi inapanda msisubiri siku ya tano, ombeni rufaa mapema, na kwenye karatasi ya rufaa iandikwe tumbo lilianza kujaa tarehe gani, alipata dawa gani za maumivu na mara ya mwisho saa ngapi, na kama anaharisha. Zile siku 6 zinahesabiwa tangu tumbo lilipoanza, hazianzi upya mgonjwa akibadilisha hospitali, na anayempokea kule hana njia nyingine ya kujua ila hiyo karatasi.